Mbwa "Mkali" wa Kliniki ni Mbwa Anayeogopa

Mbwa wa mitaa yetu anajua maana ya mtu kuinama. Pita Manzese au Mbagala jioni, umkute mbwa koko amesimama kando ya jalala, kisha uiname kufunga kamba ya kiatu. Hatasubiri kuona mkono umeokota nini. Atakuwa keshaingia uchochoroni, mkia ameufyata, anageuza shingo kutazama kama jiwe linakuja. Elimu hiyo hakuzaliwa nayo. Amefundishwa kwa mawe tangu akiwa mdogo, na watu ambao hakuwakosea chochote.

Sasa mpeleke mbwa huyo, au nduguye aliyebahatika kupata geti na banda, kwa daktari wa mifugo. Daktari anatoka na koti lake jeupe, anamkazia macho, anamjia moja kwa moja, anainama juu yake na kumnyooshea mkono kichwani. Kwetu binadamu hiyo ni salamu. Kwa mbwa ni hatua zilezile za mtu anayekuja kumdhuru, zimefuatana bila kupunguka hata moja. Anarudi nyuma, mnyororo unamkaba, pa kukimbilia hapana. Ananguruma. Mtu anasema, "Huyu mkali, mfungeni mdomo." Vijana wawili wanamkandamiza, mmoja shingoni na mwingine kiunoni, sindano inaingia, kadi inagongwa muhuri. Kazi imechukua dakika tatu.

Dakika hizo tatu zina gharama, na gharama yenyewe hailipwi siku ile. Inalipwa mwaka unaofuata, mbwa anapoiona tu kamba na kutokomea shambani, au anapoingia mlango wa kliniki na kumrarua mtu mkono kabla hajaguswa. Mbwa wengi tunaowaita wakali mbele ya daktari ni mbwa waoga, na nguvu inayotumika kumchanja leo ndiyo inayomfanya asichanjike kesho. Katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kinaua watu, namna ya kumshika mbwa anayeogopa ni suala la afya ya watu, na linastahili kuchukuliwa kwa uzito huo.

Tuanze na safari yenyewe. Mbwa wengi wa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza hawapandi gari ila siku ya kwenda kwa daktari. Mbwa anabebwa na mtu ambaye naye anamwogopa, anatiwa kwenye buti au nyuma ya pikapu, anatapika njiani, na anapofika moyo unamwenda mbio tayari. Mlango unafunguliwa. Kuna harufu ya dawa ya kusafishia, harufu ya paka, na harufu ya mbwa wengine waliopita hapo wakiwa na hofu. Mbwa aliyeshikwa na woga mkubwa huachia majimaji ya tezi zilizo kando ya mkundu, yenye harufu nzito, na pua ya mwenzake huweza kuinusa hata baada ya sakafu kupigwa deki. Sakafu yenyewe ni vigae. Mbwa aliyezoea kukanyaga udongo na saruji ya uani anakosa pa kushikilia kwa kucha, miguu inamtawanyika, hawezi kusimama sawasawa seuze kukimbia. Kisha ananyanyuliwa na kuwekwa juu ya meza ya chuma, nayo baridi, nayo inateleza.

Mwaka 2009 watafiti wa Munich, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuwachunguza mbwa 135 walipokuwa wakiingia kliniki na kupimwa. Mbwa 106, yaani karibu wanane katika kila kumi, walionyesha woga juu ya meza ya kupimia. Walioingia mlangoni kwa utulivu hawakufika nusu, na wengine ilibidi waburutwe au wabebwe. Hao ni mbwa wa nchi ambako mbwa hutembezwa kwa mkanda, hupanda magari na hushikwashikwa na wageni. Katika matokeo hayo kuna jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko takwimu yenyewe: mbwa waliokuwa na kumbukumbu nzuri tu za kliniki walikuwa na woga mdogo kuliko wenzao. Mbwa anakumbuka, na hofu yake ina historia.

Historia ya mbwa wetu huanzia bandani. Mbwa wa ulinzi anafungiwa tangu asubuhi, anafunguliwa usiku watu wakishaingia ndani. Kazi aliyopewa ni kumchukia mgeni, na anaifanya vizuri. Binadamu anaowafahamu ni wawili watatu: mlinzi, dada wa kazi anayemletea ugali na utumbo, labda na mtoto mmoja wa nyumba. Mwenye mbwa, yule anayelipa na ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi ya chanjo, mara nyingi hajawahi kumpapasa hata mara moja. Halafu siku moja tunamtaka mbwa huyu avumilie vidole vya mtu asiyemjua mdomoni, masikioni na chini ya mkia.

Pwani kuna jambo jingine, nalo linapaswa kusemwa kwa heshima. Waislamu wengi wa ukanda huu hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate yake hutwaharishwa kwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa kulinda nyumba au wa kuwinda anaweza kulishwa vizuri na kutendewa haki, lakini hashikwi kwa mkono. Daktari hana sababu ya kubishana na imani ya mtu. Mbwa anaweza kuzoeshwa kamba, gari na kusimama karibu na mgeni bila mwenyewe kumgusa: chakula kinatupwa, kamba inakuwa ndefu, na mkono unavaa glavu pale inapobidi.

Wakati mzuri wa kumzoesha ni utotoni, na utoto wa mbwa ni mfupi sana. Wamarekani John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba kipindi cha kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndicho ambacho mtoto wa mbwa hujifunza nani na nini ni sehemu ya maisha yake ya kawaida. Katika maabara hiyohiyo, watoto wa mbwa walioachwa bila kukutana na binadamu hadi wiki ya 14 waliwaogopa watu kama wanyama wa porini. Sasa tazama kalenda yetu. Chanjo za kwanza za mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, yaani katikati kabisa ya kipindi hicho. Sindano ya kwanza inaingia mwilini pamoja na somo la kwanza kuhusu daktari. Mtoto huyo akishikwa ngozi ya shingo akaning'inizwa, akachomwa huku analia, somo limeshaingia. Akilambishwa maini yaliyopondwa huku anachomwa, anaweza asitambue hata kuwa amechomwa. Kama kliniki ina nafasi ya kuwa na subira kwa mgonjwa mmoja tu kwa siku, awe huyo mdogo.

Kwa mbwa aliyekwisha kukua, kazi inaanza kwa macho. Watu wengi husema mbwa "amemng'ata ghafla". Ni mara chache sana huwa ghafla. Mbwa anayeogopa husema mapema, na anasema kwa mwili mzima. Analamba pua yake ingawa hapana chakula. Anapiga miayo ingawa hana usingizi. Anageuza uso pembeni lakini macho yanabaki kwako, weupe wa jicho unaonekana kama mwezi mwandamo. Masikio yanalala nyuma, uzito wa mwili unarudi kwenye miguu ya nyuma, mguu mmoja wa mbele unainuka kidogo. Anatweta kwenye chumba chenye ubaridi. Manyoya yanapukutika mezani kwa wingi ambao haukuwapo dakika tano zilizopita. Mtazame akitembea kwenye vigae: anaacha nyayo zenye unyevu, maana mbwa hutokwa jasho kwenye nyayo anapokuwa na hofu. Na mpe dagaa. Mbwa mwenye njaa anayekataa dagaa amekwambia jambo kubwa kuhusu hali yake.

Daktari wa Uingereza Kendal Shepherd alizipanga ishara hizi kwa ngazi, chini kabisa kukiwa na miayo na kulamba pua, juu kabisa kukiwa na kung'ata. Mbwa hupanda kwa sababu hatua za chini hazikusikilizwa. Ndiyo maana kumchapa mbwa kwa kunguruma ni hatari. Mngurumo ni onyo, tena onyo la adabu, linalompa mtu nafasi ya kurudi nyuma. Mbwa aliyepigwa kila aliponguruma hujifunza kunyamaza, na hapo ndipo anapozaliwa yule mbwa anayeng'ata bila kusema. Hofu yake haijapungua hata chembe. Kilichoondoka ni onyo.

Kuna na yule anayesifiwa upole. Amejilaza pembeni, hatikisiki, hapepesi macho, unamnyanyua mguu unabaki ulipouweka. Mwenye mbwa anajivuna kwamba wake hana shida. Huyu ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote. Amegandishwa na woga, amekata tamaa ya kukimbia, na siku moja akiguswa mahali panapouma atafanya jambo ambalo halikutazamiwa na mtu yeyote.

Madaktari wenyewe wana sababu nyingine ya kujali, nayo ni ya kitaaluma. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi. Mbwa aliyetoka kupambana na watu watatu juani joto lake hupanda zaidi ya hapo bila ugonjwa wowote. Hapa kwetu, ambako kupe huambukiza mbwa homa zinazoua, daktari anayesoma kipimajoto hicho anaweza kuanza tiba ya homa isiyokuwapo, au akaidharau iliyopo akidhani ni purukushani tu. Sukari ya damu nayo huweza kupanda kwa hofu. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na mbwa anayetweta humzuia daktari asisikie moyo wala mapafu. Tumbo linakakamaa, halipapasiki. Kwa hiyo kumtuliza mbwa ni sehemu ya uchunguzi wenyewe, kama kunawa mikono kulivyo sehemu ya upasuaji.

Nizungumzie na mdomo, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika haraka. Mbwa hajipozi kwa jasho la mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kutweta, ulimi nje. Ukimfunga mdomo kwa kamba au bendeji, Dar es Salaam, mwezi Februari, naye tayari ana hofu na anapapatika, umemzibia njia kubwa ya kutolea joto. Kwa mbwa wenye pua fupi, dakika chache za hali hiyo zinaweza kuwaua. Kinachofaa ni kile kifunga mdomo cha umbo la kikapu, cha plastiki au waya, ambacho ndani yake mbwa anaweza kufungua mdomo, kutweta, kunywa maji na kupenyezewa dagaa. Nacho azoeshwe nyumbani: siku za kwanza kitumike kama bakuli tu, chakula kiwe ndani yake, mbwa aingize mdomo mwenyewe na kuutoa apendavyo, kamba zifungwe baadaye sana. Bendeji ibaki kwa dharura, na kwa muda mfupi mno.

Mabadiliko ya namna ya kuwashika mbwa yana watu wake. Sophia Yin, daktari wa mifugo wa Marekani aliyezaliwa 1966 na kufariki 2014, alichapisha mwaka 2009 kitabu kikubwa chenye picha nyingi kinachoonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kumshika mbwa na paka bila kumtisha. Mwaka 2016 mwenzake Marty Becker alianzisha mafunzo yanayoitwa Fear Free, ambayo maelfu ya madaktari na wasaidizi wao wameyapitia. Mengi wanayofundisha hayahitaji mashine wala fedha nyingi, na ndiyo maana naona yanatufaa.

Chukua mbwa jike wa miaka mitatu, wa kulinda nyumba Kimara, ambaye mwaka jana alikandamizwa sakafuni. Daktari anayeijua kazi hii haanzi na mbwa, anaanza na simu. Anamwomba mwenye mbwa aje saa ambayo wagonjwa ni wachache, amlaze njaa kidogo ili chakula kiwe na thamani, na aje na yule mtu anayemlisha, hata kama ni kijana wa bustani. Wakifika hawaketi kwenye benchi la mapokezi kati ya paka na mbwa wengine. Wanasubiri nje chini ya mti, au ndani ya gari madirisha yakiwa wazi, mpaka chumba kiwe tayari. Sakafuni kumetandikwa mkeka wa mpira au zulia kuukuu. Meza haina kazi leo.

Daktari amekaa kwenye kigoda, ubavu ameuelekeza kwa mbwa, macho yako kwenye karatasi zake. Anazungumza na mwenye mbwa kuhusu ulaji, choo, kupe. Huku akizungumza anarusha dagaa, na anamrushia mbwa kwa nyuma, siyo mbele. Hapo pana siri ya kazi nzima. Dagaa akiwekwa miguuni mwa daktari, mbwa mwenye njaa atavutwa kuja mahali anapopaogopa, atakula, kisha atashtuka kujikuta yuko karibu mno, na ndipo hung'ata. Akirushiwa nyuma anapata chakula na pia anapata nafasi ya kuondoka. Baada ya dagaa kadhaa anaanza kurudi mwenyewe, anasogea kidogo kuliko mwanzo, ananusa kiatu, anaondoka, anarudi. Mtu asiyejua ataona daktari anapoteza muda. Muda huo ndio tiba.

Mkono wa kwanza unagusa bega, unatokea chini na pembeni, haushuki kutoka juu ya kichwa. Ukishagusa hauondoki na kurudi, unateleza juu ya mwili bila kuachia, ili mbwa ajue wakati wote uko wapi. Mshikaji, ambaye ni yule kijana wa bustani, amechuchumaa ubavuni, mkono mmoja mbele ya kifua. Sindano iliyotobolea kizibo cha chupa ya chanjo imebadilishwa, kwa sababu kizibo kile cha mpira huifanya ncha kuwa butu, na butu inauma. Bomba la sindano limeshikwa kiganjani kidogo ili ubaridi wa friji upungue. Mbwa analamba maini yaliyopakwa kwenye sahani, sindano inaingia, inatoka, anaendelea kulamba.

Na kama hakukubali? Akipapatika kwa zaidi ya sekunde tatu, aachiwe. Wajaribu tena kwa namna nyingine, na ikishindikana waahirishe. Chanjo ya mwaka inaweza kungoja wiki moja. Kukata kucha kunaweza kungoja mwezi. Mbwa aliyegongwa na bodaboda na anavuja damu hawezi kungoja hata dakika, na huyo anahitaji dawa ya maumivu na ya usingizi kabla ya jambo lolote, kwa sababu maumivu humfanya hata mbwa mpole kuliko wote ang'ate mkono anaoupenda. Kujua kipi kinangoja na kipi hakingoji ni busara ya udaktari, na mwenye mbwa asimshinikize daktari amalize yote siku moja ili tu aokoe nauli.

Kuhusu dawa, kuna fikra iliyoenea kwamba kumpa mbwa kitulizo ni kushindwa. Siikubali. Zipo dawa kama gabapentini na trazodoni ambazo daktari huziandika zitolewe nyumbani, saa mbili hivi kabla ya safari, hofu ikiwa bado haijapanda. Mbwa anafika akiwa na utulivu, anajifunza kwamba hapakutokea baya, na huenda safari zijazo akahitaji kidogo au asihitaji kabisa. Kliniki nyingi zetu hutumia zailazini, ambayo ni dawa ya nguvu: inapunguza kasi ya moyo na pumzi, kwa hiyo mbwa apimwe kwanza na aangaliwe mpaka aamke vizuri. Asepromazini inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Mwili unalegea, mtazamaji anaridhika, lakini hofu inaweza kubaki kamili ndani ya mbwa asiyeweza kuonyesha, na kelele zinaweza kumshtua zaidi. Dozi hutolewa na daktari aliyemwona mbwa na kumpima uzito. Vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini vibaki hukohuko.

Haya yote yana maana kubwa zaidi nje ya mji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, na hadi asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumika sana ni vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, na watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi. Kinga inajulikana: mbwa asilimia 70 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila msimu na mbwa wa vijijini hawaishi sana, kwa hiyo kazi lazima irudiwe kila mwaka. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa ziliufuta ugonjwa, ukarudi mwaka 2016, ikabidi mbwa wachanjwe tena mpaka ukatokomezwa kwa mara nyingine. Katika wilaya zinazoizunguka Hifadhi ya Serengeti mbwa wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni tangu miaka ya 1990. Neno la kushika hapa ni kurudia. Mbwa anatakiwa aje tena.

Sasa tazama siku ya chanjo kijijini. Gari la mifugo limeegeshwa karibu na ofisi ya kijiji, foleni imekwishapinda. Mbwa wameletwa na watoto, kila mmoja amefungwa kamba ya katani shingoni, wengi wao hawajawahi kufungwa kamba maishani. Wanagongana, wanapigana, mmoja anajinyonga kwa kuvuta. Mtoto wa darasa la tatu anaambiwa, "Mshike kichwa vizuri!" Yule aliyepapatika sana anabanwa kwa mti shingoni. Amechanjwa, amehesabiwa, na ameondoka akiwa amejifunza kwamba kamba, gari na umati vikionekana pamoja, akimbie. Mwaka ujao baba mwenye nyumba atasema, "Huyu hashikiki, amenishinda," na atakuwa anasema kweli.

Kampeni hiyohiyo inaweza kufanywa vingine kwa fedha zilezile. Watu waitwe kwa vitongoji na kwa saa tofauti ili foleni isizidi mbwa wachache. Kuanze alfajiri kabla jua halijawa kali. Mbwa wasimame mbalimbali, kwenye kivuli, mchanjaji amfuate mbwa alipo badala ya mbwa kuburutwa mpaka mezani. Watu wazima washike mbwa, watoto wakae pembeni. Kila mbwa aondoke na kipande cha chakula. Na wale wasiofungika kamba wafuatwe nyumbani jioni, wakati wa kula, na yule anayewalisha awepo.

Upole huu una mpaka wake, na mpaka wenyewe lazima utajwe. Mbwa aliyebadilika tabia bila sababu, aliyekuwa mwoga sasa anawafuata watu au mpole sasa anashambulia, anayetokwa mate, anayeshindwa kumeza, ambaye sauti yake imebadilika, huyo si wa kurushiwa dagaa. Asiguswe, na ofisa mifugo aarifiwe mara moja. Aliyeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Na wanaofanya kazi ya kuwashika mbwa kila siku wachanjwe wao wenyewe kabla ya kung'atwa.

Maofisa mifugo wetu wengi wamesomeshwa zaidi kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na katika nchi ya wafugaji hilo linaeleweka. Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikumbagua mbwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo vinaweza kulipa somo la kuisoma hofu ya mbwa na kumshika bila vita saa za kutosha za vitendo, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa bomba la sindano. Halmashauri nazo, zinapopanga bajeti ya chanjo, zihesabu vifunga mdomo vya kikapu na chakula cha mbwa kama zinavyohesabu barafu ya kutunzia dawa.

Na wewe mwenye mbwa, usingoje siku ya chanjo. Wiki hii mwambie anayemlisha amguse masikio na miguu wakati anakula, amvalishe mkanda kwa dakika chache na kuuvua, ampandishe kwenye gari lililozimwa na kumpa chakula humo. Kisha mpigie daktari wako umwombe umlete mbwa siku moja bila kuchomwa chochote, aingie, ale dagaa, atoke. Daktari akikukubalia, umepata daktari mzuri. Akikwambia hilo ni kupoteza muda, tafuta mwingine.